Maswali ya Wasomaji: Picha ya Angani Ndani ya Mchoro wa Kompyuta

Barua nyingi zilizotufikia kiangazi hiki kutoka Mbeya, Iringa na Njombe zinahusu jambo moja. Wachoraji wa ramani za nyumba, mafundi wa maji na wakulima wanachukua picha za angani zilizomo mtandaoni, wanaziweka chini ya michoro yao ya kompyuta, kisha vipimo vinakataa kukubaliana. Nimechagua barua sita. Mbili za kwanza nimezijibu kwa urefu, kwa kuwa ndani yake ndimo makosa mengine yote yanamozaliwa.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji kijana wa Mwanjelwa na ninatumia programu ya kuchorea ya AutoCAD. Mteja wangu ana kiwanja chenye uzio kwenye mteremko wa Ilemi, na ramani ya upimaji inasema upande mrefu ni meta 44.0. Nilipiga picha ya skrini kutoka kwenye ramani ya mtandaoni, nikaiingiza kwenye mchoro na kuikuza mpaka upana wa barabara ukawa meta 6. Upande ule ukasoma meta 47. Rafiki yangu akaitoa picha ileile kwa programu ya ramani ya QGIS, ukasoma 44.5. Tukaenda kiwanjani na futi kamba, tukapata 44.7. Sasa nina vipimo vinne vya upande mmoja. Nifuate kipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Fuata 44.0 ya mpima ardhi. Lakini nakusihi usivitupe hivyo vitatu vingine, kwa sababu kila kimoja kimekosea kwa namna yake, na ukizielewa namna hizo tatu utakuwa umejifunza sehemu kubwa ya kazi hii.

Tuanze na 47. Katika picha nyingi za mtandaoni za miji yetu, ukiikaribia ardhi hadi kiwango cha 19 cha ukuzaji, pikseli moja, yaani kinukta kimoja cha picha, hufunika takribani sentimeta 30 za ardhi. Barabara ya meta 6 ina pikseli kama 20 tu. Ukibofya pikseli moja nje ya ukingo umekosea kwa asilimia 5, na kosa hilo linasambaa kwenye mchoro mzima, kwa kuwa ndilo ulilolitumia kuikuza picha. Tena ukingo wenyewe wa barabara haueleweki: lami inaishia wapi na vumbi linaanzia wapi? Umbali wa kukuzia picha uwe mrefu kuliko kitu unachotaka kukipima, wala usiwe mfupi kuliko hicho. Tafuta vitu viwili vilivyo chini kabisa ardhini, mfano kona za makalavati mawili kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia yaliyoachana kwa meta 400 ambazo zimepimwa. Hapo pikseli moja ya kosa itakuwa chini ya asilimia 0.1, na upande wako wa meta 44 utayumba kwa sentimeta 3 au 4. Katika AutoCAD tumia amri ya ALIGN, taja nukta mbili za picha na nukta mbili za kweli, kisha ukubali picha ibadilishwe ukubwa. Nukta ya tatu, ambayo hukuitumia, ibaki kuwa ya kuhakiki. Mtu asiyebakiza nukta ya kuhakiki hana njia ya kujua kwamba amepotea.

Sasa 44.5, ambayo ndiyo inayowapoteza wengi, kwa sababu inakaribia ukweli na imetoka kwenye programu ya kuaminika. Ramani nyingi za mtandaoni zimechorwa kwa mfumo unaotokana na ramani ya dunia ya Gerardus Mercator ya mwaka 1569, na katika programu mfumo huo huitwa kwa namba 3857. Unalinda maumbo ya vitu vidogo, lakini unavirefusha vitu kadiri unavyoondoka kwenye ikweta. Kwenye ikweta meta moja ni meta moja. London inakaribia meta 1.6. Mbeya, kwa kuwa tuko karibu nyuzi 8.9 kusini, meta moja inasomeka 1.012. Zidisha 44.0 kwa 1.012 uone: utapata 44.5 ya rafiki yako. Hakukosea kubofya popote. Aliitoa picha ikiwa bado katika vipimo vya Mercator, akavisoma kama meta za ardhini. Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya kuitoa picha, ubadilishe mfumo wa mradi mzima ndani ya QGIS uwe UTM (mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa meta) kanda ya 36 Kusini juu ya WGS84 (msingi unaotumiwa na GPS), ambao namba yake ni 32736. Programu itaipanga upya picha, na meta zitakuwa meta.

QGIS ikitoa picha inaweza pia kutoa faili dogo la maandishi lenye jina lilelile na kiendelezi cha jgw au tfw. Ndani yake mna mistari sita, na ninawaomba wachoraji walifungue faili hili bila woga. Mstari wa kwanza ni upana wa pikseli moja ardhini, wa nne ni kimo chake kikiwa na alama ya kutoa, na miwili ya mwisho ni koodineti (namba za mahali) za kitovu cha pikseli ya kona ya juu kushoto; wa pili na wa tatu huhusu mzunguko, na kwa kawaida ni sifuri. AutoCAD ya kawaida hailisomi faili hili, ingawa AutoCAD Map 3D na Civil 3D hulisoma kwa amri ya MAPIINSERT. Hata hivyo unaweza kulitumia kwa mkono: picha yenye pikseli 4,000 kwa upana, kila pikseli ikiwa meta 0.3, ina upana wa meta 1,200. Iingize kwa IMAGEATTACH, ikuze mpaka fremu yake iwe 1,200 kamili, kisha iweke kona yake mahali pake. Hutabahatisha upana wa barabara tena.

Na 44.7 ya futi kamba? Futi kamba halikudanganya. Mlilitandika juu ya mteremko, nalo likafuata mgongo wa ardhi, ilhali ramani ya upimaji huandika umbali wa mlalo. Kiwanja chenye mwinamo wa nyuzi 10 kikiwa na meta 44.0 za mlalo kitasoma meta 44.68 kwenye mgongo, na upande mmoja utakuwa juu ya mwingine kwa karibu meta 7.8. Mji wetu umekaa miguuni pa mlima Loleza, na miteremko ya namna hii tunayo kila mtaa. Pimeni kwa vipande vifupi, futi kamba likiwa limelala sawa kwa pima maji na timazi ikishushwa mwishoni mwa kila kipande, mtaifikia 44.0.

SWALI: Ndugu mjibu maswali, ninachora mradi wa bomba la maji katika Mkoa wa Iringa, unaotoka upande wa mjini kuelekea mashariki, wilayani Kilolo. Nimepewa ramani za zamani za upimaji zenye koodineti, nami nimeleta picha ya angani katika UTM kanda ya 36 kama inavyoshauriwa. Picha na ramani zimeachana kwa karibu meta 300. Nimeisogeza picha kwa mkono mpaka ikakaa vizuri. Je, nimefanya sawa?

JIBU: Ndugu yangu, irudishe picha ilipokuwa kabla hujaendelea. Meta 300 hizo zina jina. Ramani zetu za zamani za Tanzania, kama zile za Kenya na Uganda, zimejengwa juu ya msingi unaoitwa Arc 1960, ambao umeitwaa dunia kuwa na umbo na kitovu tofauti kidogo na vile vya WGS84 inayotumiwa na GPS na picha za mtandaoni. Nukta moja ya ardhi katika Nyanda za Juu Kusini, ikiandikwa kwa mifumo hii miwili, hutofautiana kwa karibu meta 300 katika namba za kaskazini na kwa chini ya meta 100 katika namba za mashariki. Ukikutana na tofauti ya namna hiyo, usiitafute kwenye picha wala kwa mpima. Soma kwanza pembeni mwa ramani uone msingi gani umeandikwa.

Kuisogeza kwa mkono kunapendeza machoni, na kwa eneo dogo mistari itaonekana kukubaliana. Ubaya wake ni kwamba faili lako sasa linabeba koodineti za uongo bila kumwambia mtu. Siku fundi atakapochukua koodineti za tangi kutoka kwenye mchoro wako na kuziingiza kwenye GPS ya mkononi, atasimama meta 300 mbali na mahali pa tangi, huenda ng'ambo ya bonde. Waambie QGIS na AutoCAD ukweli: ramani ni Arc 1960 UTM kanda ya 36 Kusini, namba 21036, na picha ni 32736. Programu itazibadilisha. Namba za kubadilishia zinazotumika sana, yaani kutoa 160, kutoa 6 na kutoa 302, ni wastani wa Kenya na Tanzania kwa pamoja, na zinaweza kukuacha na kosa la meta kadhaa au hata zaidi ya kumi. Zinatosha kuchagua njia ya bomba, hazitoshi kuchimbia msingi wa tangi. Kwa msingi wa tangi mwite mpima, akupe angalau nukta mbili anazozijua katika mifumo yote miwili.

Kwa kuwa umesema unaelekea mashariki, kuna hatari ya pili ambayo barua yako haikuitaja. Kanda ya 36 inaishia kwenye longitudo ya nyuzi 36. Mji wa Iringa uko takribani 35.7, kwa hiyo mpaka wa kanda uko kama kilometa 33 tu mashariki ya mji, na Ruaha Mbuyuni tayari iko kanda ya 37. Ukifuata kifaa cha GPS kinachojibadilisha chenyewe, namba zako za mashariki zitapanda hadi karibu 830,000, kisha ghafla zitaanza tena karibu 170,000, na bomba lako litakatika vipande viwili vilivyoachana kwa mamia ya kilometa kwenye skrini. Chagua kanda moja kwa mradi wote, iandike kwenye kichwa cha mchoro, na ukifunge kifaa kitumie kanda hiyo hata kikivuka mstari.

Niruhusu niongeze jambo moja la mabomba marefu, kwa sababu sijaliona likielezwa kwa wachoraji wetu na linagharimu fedha. Meta za UTM si meta za futi kamba kikamilifu. Katikati ya kanda, kwenye longitudo ya nyuzi 33, mfumo umefupishwa kwa makusudi kwa sehemu 4 katika 10,000, na pembeni mwa kanda unarefuka. Juu ya hapo, ardhi yetu iko juu sana kuliko usawa wa bahari, na kimo hicho nacho huifanya ramani ionekane fupi kuliko ardhi. Mbeya iko karibu na katikati ya kanda na kwenye kimo cha meta 1,700 hivi, kwa hiyo kilometa moja ya ardhini husomeka pungufu kwa karibu sentimeta 64. Iringa iko karibu na ukingo wa kanda, na huko kilometa moja husomeka zaidi kwa karibu sentimeta 45. Katika bomba la kilometa 12 upande wa Iringa, hiyo ni zaidi ya meta 5, yaani karibu bomba zima la meta 6. Kiwanja cha nyumba hakiguswi na jambo hili. Orodha ya vifaa vya mradi wa maji inaguswa.

SWALI: Mimi ni mama mwenye nyumba, Tukuyu. Mwanangu alinionyesha kwenye kompyuta kwamba paa la jirani limevuka mpaka na kuingia kwangu kwa meta tatu. Amechora mistari ya kiwanja juu ya picha na inaonekana wazi kabisa. Je, picha hiyo naweza kuipeleka kwenye baraza la ardhi?

JIBU: Shikamoo mama. Naomba usiipeleke kwanza, na usiseme neno na jirani mpaka umemwita mpima. Nitakueleza kwa nini, maana jambo hili nimelibeba moyoni kwa miaka.

Satelaiti mara nyingi haipigi picha ikiwa juu ya utosi wa nyumba. Huiangalia kutoka pembeni. Ikiangalia kwa pembe ya nyuzi 20 kutoka wima, jengo lenye kimo cha meta 8 litaonekana limelala, na paa lake litakuwa limesogea karibu meta 2.9 kutoka mahali ukuta wake ulipo. Meta tatu unazoziona huenda ni kimo cha nyumba ya jirani, wala si uvamizi. Mwanao aangalie kama kuta za upande mmoja wa majengo zinaonekana kwenye picha. Zikionekana, paa zimesogea kuelekea upande wa pili. Aangalie pia vivuli: picha ya Juni huku kwetu hutupa kivuli upande wa kusini, na kivuli cheusi kilichogusana na paa jeusi humfanya mtu achore ukuta mahali pasipo ukuta.

Ardhi yenyewe huongeza kosa. Wenye picha huinyoosha kwa kutumia kielelezo cha miinuko ya nchi, na kielelezo kikikosea kimo kwa meta 10, picha ileile ya nyuzi 20 itakosea mahali kwa meta 3.6. Katika tambarare ya Usangu kosa hili ni dogo. Katika vilima vya Rungwe, ambako shamba moja linaweza kupanda na kushuka mara tatu, haliwezi kupuuzwa. Kuna jaribio rahisi ambalo mwanao anaweza kulifanya leo: afungue Google Earth Pro, ambayo imekuwa bure tangu mwaka 2015, aweke alama juu ya kona moja ya nyumba yenu, kisha arudi nyuma katika picha za miaka iliyopita. Ataiona nyumba yenu ikihama huku na huko kwa meta kadhaa, nayo haijapata kuondoka mahali pake.

Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, nilichora uzio wa familia moja kwenye mteremko wa Mbeya kwa kufuata mstari niliouona angani. Mtaro wa msingi ukachimbwa, mawe yakashushwa. Mpima alipofika akafukua bikoni mbili (mawe ya mpaka) chini ya majani, na mtaro wangu ulikuwa umezivuka zote kwa zaidi ya meta mbili, ndani ya shamba la watu wengine. Familia ile ilifukia mtaro kwa gharama yake, na uhusiano na jirani ulichukua muda mrefu kupona. Tangu hapo sijachora mpaka wa mtu kutoka kwenye picha.

Kisheria, mama, mpaka wa kiwanja kilichopimwa hutoka kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, na mawe yaliyowekwa ardhini kwa mujibu wake. Mpima mwenye leseni akirudisha bikoni zako na kuandika taarifa, hapo una kitu cha kupeleka barazani, endapo bado kutakuwa na haja. Picha iwe kiambatisho cha kuonyesha nyumba na njia zilivyopangana.

SWALI: Nilimtumia mteja wangu wa Mafinga faili la mchoro kwa WhatsApp. Kwangu picha ya angani inaonekana, kwake kuna fremu tupu na maandishi. Tena nilipoichapa karatasi ya A1, picha ilitoka kama vigae.

JIBU: AutoCAD haiiweki picha ndani ya faili unapotumia IMAGEATTACH, huandika tu njia ya kuifikia kwenye kompyuta yako. Tumia amri ya ETRANSMIT, ambayo hukusanya mchoro na picha katika bahasha moja, au mtumie PDF kama hana haja ya kuhariri. Ukitaka fremu ionekane kwenye skrini lakini isitoke kwenye karatasi, iweke IMAGEFRAME kuwa 2.

Vigae ni hesabu ya skeli. Pikseli ya sentimeta 30 kwenye mchoro wa 1:200 inakuwa milimeta 1.5 juu ya karatasi, na jicho lolote litaiona. Kwenye 1:2,500 inakuwa milimeta 0.12, na picha itapendeza. Kwa hiyo picha hizi zina nafasi yake kwenye ramani ndogo ya mahali kiwanja kilipo, ile inayokaa kwenye kona ya karatasi, na hazina nafasi chini ya mpango wa sakafu.

SWALI: Je, ni halali kutumia picha hizi kwenye michoro tunayoilipisha? Na ile picha inayokuja yenyewe ndani ya AutoCAD ni bora kuliko ya Google? Sisi ni ofisi ndogo, Iringa mjini.

JIBU: Picha zina mwenyewe, na kila mwenyewe ana masharti yake. Google hukubali picha zake zitumike katika nyaraka nyingi mradi jina la chanzo libaki likionekana, kwa hiyo kukata maandishi yale madogo ya chini ili mchoro upendeze ni kosa. Kinachokatazwa waziwazi ni kufuatisha picha zake kwa mistari ili kujenga hazina nyingine ya ramani. Ukiwa na kazi ya kuchora nyumba zote za kata, usifuatishe huko. OpenStreetMap inatoa barabara, mito na majengo kwa leseni huria, kwa sharti la kuitaja, na data yake ikiboreshwa na kutolewa kwa umma itolewe kwa leseni ileile. Microsoft iliwaruhusu wachangiaji wa OpenStreetMap kufuatisha picha za Bing tangu mwaka 2010. Picha za satelaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-2 ni bure hata kwa biashara, lakini pikseli yake ni meta 10, inayofaa kwa mabonde na misitu na haifai kwa viwanja.

AutoCAD ilianza kuleta ramani ya mtandaoni ndani ya mchoro, wakati huo ya Bing, katika toleo la 2014. Uzuri wake ni kwamba ukitumia amri ya GEOGRAPHICLOCATION na kuchagua mfumo, kwetu sisi UTM84-36S, programu yenyewe huipanga picha, na kosa la Mercator nililolieleza juu halikupati. Hakikisha tu vizio vya mchoro ni meta kabla ya kuanza, kwa sababu mchoro wa milimeta hufanya kijiji kizima kitoshe chini ya meza. Inahitaji akaunti na intaneti, na inakula bando. Ukiridhika na eneo, lichukue kwa GEOMAPIMAGE ili libaki kwenye mchoro na liweze kuchapwa. Kuhusu ubora sitakuambia ya AutoCAD au ya Google, kwa sababu inategemea mtaa. Fungua zote mbili juu ya kiwanja chenyewe, utazame ni ipi mpya zaidi na ipi imesimama wima zaidi.

Kazi ikiwa kubwa na ya malipo mazuri, fikirieni droni. Jijini Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulitumia droni kuchora mitaa inayofurika maji, na picha za namna hiyo zina pikseli ya sentimeta chache. Rusheni kwa kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mwekeni mpima atie alama chache nyeupe ardhini zilizopimwa, maana bila alama hizo mtapata picha nzuri iliyokaa pasipo pake.

SWALI: Tuna shamba la hekta tatu Njombe, tunataka kupanda maparachichi. Nimechora mpangilio wa miche juu ya picha, nikachukua na kontua (mistari ya miinuko) za kila meta moja kutoka Google Earth. Bondeni kuna vinyungu (bustani za bondeni) na kijito. Mnaonaje?

JIBU: Mpangilio wa miche chora juu ya picha bila wasiwasi. Kwa nafasi ya meta 7 kwa 7 utapata kama miche 204 kwa hekta, yaani 612 kwa shamba zima kabla ya kuondoa njia, na kosa la picha la meta mbili halitamdhuru mche wowote. Tazama tu tarehe ya picha. Ya Agosti au Septemba, nyasi zikiwa zimekauka na mawingu yameondoka, huonyesha njia, mifereji na mipaka ya mashamba vizuri kuliko ya Machi.

Kontua hizo zifute. Miinuko ya dunia inayopatikana bure hutegemea kwa sehemu kubwa upimaji wa rada uliofanywa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari mwaka 2000, kwa nukta zilizoachana kwa takribani meta 30, na usahihi wake wa wima ulilengwa kuwa meta 16. Kompyuta itakuchorea kontua za kila meta moja, hata za kila sentimeta kumi ukiitaka, lakini haijui zaidi ya ilichopimiwa. Tena rada ile iligonga vilele vya miti. Ikiwa shamba lenu lilikuwa na miwati au misindano mwaka ule, na leo limefyekwa, kilima mnachokiona kwenye kontua huenda ni msitu ambao haupo tena. Kwa mifereji ya maji pimeni kwa pima maji ya darubini, au hata kwa fremu ya A ya miti mitatu na uzi wenye jiwe, ambayo wakulima wa milimani wamechorea makinga maji kwa miaka mingi na ambayo katika shamba la hekta tatu itawapa kontua bora kuliko satelaiti.

Kuhusu kijito: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya ukingo, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Ukingo huo haumo kwenye picha ya kiangazi, kwa sababu maji yamerudi katikati na vinyungu vimeshuka hadi kwenye matope. Nendeni wakati wa masika, mpigilie vigingi mahali maji yanapofika, mchukue koodineti za kila kigingi, mziingize kwenye mchoro, na kutoka kwenye mstari huo ndipo mpime meta 60 kabla ya kuweka nukta ya mche wa kwanza.